Mchanga Ndani ya Barua

Kijijini Baraka, Alhamisi jioni, 1956

Mvua inatishia tangu asubuhi na mpaka sasa haijanyesha. Mawingu yamekaa juu ya ziwa, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, na joto ni lile la kumfanya mtu agombane na sufuria. Leo nimeungua mkono, nimevunja kikombe, na nimemkaripia Neema bure. Mtoto amenitazama, akabeba kibao chake, akaenda kukaa kwa bibi yake. Ana haki.

Naogopa. Wacha niandike hivyo hivyo, bila kuzungusha.

Naogopa tangu Jumatatu, siku polisi walipomchukua mume wangu na kumpandisha Fizi, kwenye bureau, ofisi ya serikali. Lakini woga wa Jumatatu ulikuwa wa kelele. Nililia, majirani wakaja kunishika mabega, mtu akaleta maji, mtu akaleta ushauri. Woga wa leo hauna kelele. Umeingia mchana pamoja na barua, na barua iko hapa mezani mbele yangu, nimeiwekea sahani juu ili upepo usiichukue. Upepo wenyewe haupo.

Askari aliyeileta amepewa mahali pa kulala kwa kapita, msimamizi wa kijiji. Kesho kukipambazuka anarudi Fizi, naye anataka kurudi na vitu viwili: kitabu chetu, na karatasi yenye majina ya bamama, wanawake wote wanaokuja kukisikiliza. Ndivyo barua inavyoagiza. Mwandiko ni wa mume wangu, sina ubishi, ule mwandiko wake wa ualimu, umenyooka utadhani amechora mistari kwanza.

"Mke wangu, mpe askari kitabu pamoja na majina ya bamama wote. Hakuna atakayepata shida. Bwana wa bureau ni mtu mwema. Usiogope kitu. Mume wako."

Usiogope kitu! Jamani. Baba Neema ananijua vizuri. Mimi ni mtu ninayeogopa vyura. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wanaoshushwa kutoka Bibokoboko, naogopa hata harusi yenye watu wengi. Tangu anioe hajawahi kuniambia nisiogope, kwa sababu anajua haisaidii. Yeye husema, "Ogopa basi, lakini twende."

Nieleze habari hii tangu mwanzo wake, maana nikija kuyasoma haya nikiwa bibi kizee nisijione nilikuwa na wazimu.

Mume wangu ni mwalimu katika shule ya misheni. Padri mmoja alipomaliza miaka yake na kurudi kwao, aliacha kasha la vitabu vilivyokwisha kutafunwa na mchwa, akasema anayetaka achukue. Mume wangu alichukua kimoja. Hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatujui jina lake wala nani alikiandika. Alikisoma kwanza yeye, peke yake, halafu akaniletea jikoni. Alisema Kifaransa changu nilichofundishwa na masista kimelala usingizi na kinahitaji kuamshwa. "Ukifika kwa muchanga, utaniambia," akasema, na akaondoka akicheka.

Ni kitabu cha safari na hatari. Kijana mmoja ni baharia, anazunguka dunia, anapigana na wezi wa baharini, anapotea visiwani, anaponea chupuchupu kila sura. Nyumbani kwao amemwacha dada yake kwa baba mdogo, katika nyumba ya mawe juu ya mlima, mbali kabisa na bahari. Kila mwaka, popote meli itakapotia nanga, kijana anakuta barua ya dada yake. Niko mzima. Baba mdogo ananitunza vizuri. Usihangaike kurudi. Kijana anafurahi, anawasomea mabaharia wenzake, anaiweka barua ndani ya mkebe pamoja na nyingine, na anaendelea na safari zake.

Kila akifungua barua, mchanga kidogo unamwagika magotini. Anaupuliza. Anawatukana wabeba barua kwamba ni wachafu. Anapuliza hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja, meli imekwama, hana kazi ya kufanya, anautazama ule mchanga na anakumbuka kwamba kule mlimani hakuna mchanga. Mchanga uko pwani tu, pale alipokuwa akicheza na dada yake walipokuwa wadogo na baba yao yu hai. Kumbe dada alikuwa ameuficha ndani ya kimfuko tangu utoto. Baba mdogo alitaka mashamba yote yabaki kwake. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti cha yule msichana na kumtajia kila neno la kuandika, naye aliandika kila neno. Halafu, kabla ya kufunga barua, akatia mchanga. Maana yake: maneno haya si yangu.

Nilipofika hapo nililia mpaka mboga ikaungua. Nikamwendea mume wangu na kitabu mkononi, naye akaacha kusahihisha kazi za wanafunzi, tukaanza kubishana juu ya barua zile. Yeye alisema barua katika kitabu hiki ni dada mwenyewe. Amefungwa, amebebwa na watu wasiomjali, amefunguliwa na mikono asiyoichagua, na bado amebaki na kitu kidogo kilicho chake. Mimi nilisema hapana, barua ni kijana. Barua anazozipenda ni zile zinazomruhusu asirudi nyumbani. Dada angeweza kutia kilo nzima ya mchanga na kijana bado angepuliza, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshapata ulichotaka kusikia. Tulibishana mpaka ugali ukawa baridi. Nakumbuka nilijisikia mtu mwenye akili sana siku ile.

Basi bamama. Sitaandika majina yao hapa. Leo nimejifunza kuogopa jina lililoandikwa.

Wao ni bamama wanaoanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni. Ndakala zikishaanikwa hazitaki kuachwa zenyewe: kunguru wako, kuku wako, mvua iko, na lazima zigeuzwe. Kwa hiyo tunakaa kutwa nzima juani tukisubiri samaki wakauke, na mdomo hauwezi kukaa kutwa nzima bila kazi. Siku moja nikaja na kitabu. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukasimulia Kiswahili. Majina ya Kizungu yaliwachosha, wakampa kijana jina la Wilondja na dada yake wakamwita Nyasa. Baba mdogo hawakumpa jina. Kila akitajwa wanatema mate.

Walikuwa wachache. Wakaongezeka, mpaka wengine wakawa wanatoka mbali na beseni ya ndakala kidogo tu, ili wapate kisingizio.

Tulipofika kwa mchanga, ugomvi ukaanza. Waliangua kicheko. "Muchanga? Mama Neema, weye! Hapa muchanga iko kila fasi. Tunalala nayo, tunakula nayo. Barua gani ya Baraka haina muchanga?" Nikajaribu kueleza habari ya mlima. Hawakutaka. Kwao alama isiyoonekana si alama. Ndipo mama mmoja mwenye pengo, yule mwenye maneno kuliko wote, akaokota ndakala kwenye mkeka, akaivunja kichwa, akanipa kiwiliwili. "Tia hii," akasema.

Na kweli. Hapa kwetu hakuna mtu anayemvunja ndakala kichwa. Tunamla mzima, kichwa, mkia na macho yake. Ndakala asiye na kichwa hawezi kutokea kwa bahati mbaya ndani ya kifurushi. Basi katika masimulizi yangu, dada wa watu akawa anavusha bahari ndakala bila kichwa. Mwandishi anisamehe popote alipo.

Ingekuwa imeishia hapo, tungecheka mpaka leo. Lakini alama ilitoka kitabuni ikaanza kutembea.

Binti ya mama mmoja kati yetu ameolewa Nundu. Alimtuma msafiri na salamu: niko muzima, batoto bako bazima, musihangaike. Akamtuma pia na kifurushi cha ndakala. Mama yake alikifungua mbele yetu, na katikati ya samaki wazima alikuwamo mmoja hana kichwa. Yule mama alisimama. Aliweka beseni chini, akajifunga kikwembe, akaanza kutembea kuelekea Nundu. Alimkuta binti yake na mkono umevunjika, na mume amekaa mlangoni kumzuia asitoke. Alirudi na binti yake.

Tangu siku ile haikuwa mchezo tena. Wanawake wasiojua hata kushika kalamu wakapata barua yao. Wanaume wao walikula zile ndakala na hawakuona kitu, mpaka mmoja akaona. Alifungua kifurushi cha mkewe kabla hakijasafiri, akakuta samaki wasio na vichwa, akawaza uchawi, akawaza sumu, akakipeleka kwa chifu. Chifu akakipandisha bureau, Fizi.

Na siku hizi bureau inanusa kila kitu. Wanatafuta ile dini iliyokatazwa, ile ya mikutano ya kujificha. Watu wanaokutana, kitabu kinachosomwa, alama wanayoijua wenyewe tu: sisi tulikuwa navyo vyote vitatu, na kwa haki ya Mungu hatukuwa na dini yoyote mpya. Mimi niko Mkatoliki, bamama wengine ni Waprotestanti, na tulichokuwa tukiabudu ni mwisho wa kitabu. Lakini wanaoshukiwa dini ile hupakiwa kwenye lori na kupelekwa majimbo ya mbali, na hao niliosikia habari zao, wengine wamerudi wazee na wengine hawajarudi.

Jumatatu polisi waliposimama mlangoni na kuuliza kitabu ni cha nani, mume wangu alijibu, "Kitabu ni changu," kabla sijavuta pumzi. Mimi nilikuwa nyuma yake na mwiko mkononi. Polisi mmoja alinitazama, halafu akamwambia mwenzake kwamba mwanamke hawezi kuwa mkubwa wa dini. Wakacheka. Hawakukichukua hata kitabu, kilikuwa chini ya beseni la muhogo uliolowekwa na hawakutaka kuloa. Wakamchukua mtu.

Sasa leo.

Barua ilipofika, habari ilikimbia kuliko mimi. Kabla sijamaliza kuisoma, bamama walikuwa wamejaa uani. Niliwasomea. Majina yanayotakiwa ni yao, ningewafichaje? Wakaitaka karatasi yenyewe. Wakaitandika juu ya mkeka, wakaigeuza, wakaikung'uta, wakainusa. Walikuwa wanatafuta samaki. Askari alileta barua tupu, bila kifurushi, bila hata gamba.

"Hakuna samaki," akasema yule mwenye pengo, na nikaona mabega ya wote yakishuka. "Basi ni maneno yake mwenyewe. Mama Neema, andika. Anza na jina langu. Mwalimu hawezi kutuuza."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti, Neema magotini. Yeye hajawahi kukipenda kitabu hiki. Kwake ni kitabu kilichomla mwanawe. "Andika," naye akasema. "Mwanangu amesema andika."

Nilishika kalamu. Na hapa sitajidanganya, kwa sababu kama siwezi kusema kweli kwenye daftari langu mwenyewe nitasema wapi: nilikuwa nafurahi. Bwana wa bureau ni mtu mwema. Hakuna atakayepata shida. Kesho kutwa Baba Neema atashuka kutoka Fizi akiwa na vumbi, ataomba maji ya kuoga, tutacheka. Nikaandika jina la kwanza, la yule mwenye pengo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Halafu nikaona kidole changu kinang'aa.

Punje ya mchanga. Nyingine kwenye kikwembe. Barua ilikuwa imefungwa kwa ugali badala ya gundi, kama tunavyofunga sisi sote, na nilipoifungua ule ugali mkavu ulikatika vipande vipande magotini mwangu. Nilishika kipande kimoja. Mchanga ulikuwamo.

Bamama walikuwa wameusahau mchanga. Waliukataa siku ya kwanza, wakaucheka, ukaondoka. Kwao ni samaki tu. Lakini Baba Neema hakuwahi kukaa na bamama ufukweni. Yeye alikisoma kitabu mwenyewe, kwa macho yake, na katika kitabu alichosoma yeye hamna ndakala hata mmoja.

Nilisema kichwa kinaniuma. Nilisema nitaandika jioni. Wakaondoka wakinipa pole, na yule mwenye pengo akasema kwa sauti kubwa kule njiani kwamba yeye haogopi buloko, jela yao, ugali wa bure uko kule. Wengine wakacheka, na mimi nikafunga mlango.

Kisha shaka ikanirudia. Mwanamke, uko Baraka! Mchanga! Askari amekaa chini njiani, amefungua mfuko wake ufukweni ale, amepiga barua kwenye goti. Barua gani ya Baraka haina mchanga? Nilikipeleka kipande cha ugali dirishani, nikakirudisha mezani, nikakipeleka tena. Na nitaandika jambo ambalo Mungu peke yake alikuwa analijua. Nilitaka uwe mchanga tu. Nilitaka kuupuliza. Mimi niliyemcheka yule kijana wa kitabuni, mimi mwenye akili nyingi, nilikuwa nimeshavuta pumzi tayari.

Kilichonizuia ni mama mkwe. Alikuwa ameingia ndani kabla sijafunga mlango. "Unaona nini pale?" akauliza.

Nikamwambia yote. Kijana, dada, mlima, mchanga wa kweli wa kitabuni niliowaondolea bamama. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akachukua kile kipande cha ugali, akakivunja kati ya vidole, akakitia ulimini. Akatafuna polepole na meno yake ya mbele. Nilisikia mchanga ukilia.

"Haiko juu," akasema. "Iko ndani. Ilipondwa pamoja na ugali, ingali laini. Mukono wa mutu njo ulifanya hii."

"Lakini Mama, kule Fizi ni udongo mwekundu. Aliko mume wangu hakuna mchanga huu."

Akakaa vile, na kipande kingine kwenye kiganja, akikigeuzageuza. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikafikiri huzuni imempanda kichwani.

"Ndakala," akasema. "Banamupa ndakala kule. Ndakala ya huku kwetu." Kicheko kikageuka kilio. "Toka mutoto anachambua muchanga na ulimi. Hawezi kuumeza. Anautoa punje moja moja anaupanga pembeni ya sahani. Nilimupiga sana juu ya ile tabia, mwanangu mimi. Nilimupiga."

Na mimi! Mimi nimegombana naye juu ya sahani ile tangu harusi. Naosha ndakala mara moja, naosha tena, napepeta, na bado baba huyu atamaliza kula na pembeni ya sahani pana mstari wa punje nyeupe, zinanitazama. Nilidhani ananitukana mapishi. Niliwahi kumwambia akaoe mwanamke wa nchi isiyo na ziwa.

Sasa namwona. Amekaa buloko, anakula ugali wa wafungwa na ndakala zilizoanikwa kwenye mchanga wetu, labda na mikono yangu mwenyewe. Anatoa punje kwa ulimi, anazificha kwenye pindo la kaptula. Anaitwa mezani. Mtu anasimama nyuma ya kiti. Anaandika kila neno analoambiwa, kwa mwandiko ulionyooka, mke wangu, mtu mwema, usiogope kitu. Halafu wanampa ugali wa kufungia.

Ndakala bila kichwa asingeweza kutia hata kama angejua. Ile wanayo mezani pale bureau, ndiyo iliyomfikisha pale. Mchanga nani atauona?

Basi maneno si yake. Majina hayaendi.

Nimeandika hivyo na mkono umekuwa mzito. Kwa sababu najua upande wa pili wa sentensi hiyo. Kama majina hayaendi, wanaweza kumpandisha kwenye lori. Najaribu kujiambia kwamba hata yangekwenda, lori lingeondoka tu, yeye akiwa ndani na bamama nyuma yake. Naamini hivyo. Karibu naamini. Lakini ni yeye aliyekaa kwenye kile kiti, anayejua zaidi yangu, na ni yeye aliyeniambia hapana kwa mchanga wake.

Mama mkwe alipomaliza kulia alijipangusa na kuwa mtu wa kazi. Karatasi yenye jina moja aliitia motoni, akasubiri iwe jivu, akalisaga jivu na mti wa kuni. Kitabu amekifunga ndani ya kikwembe chake cha zamani. Nilimuuliza atakipeleka wapi.

"Usiniulize fasi. Kama haujue, hawawezi kuitoa kwako."

Kisha akalitazama daftari hili. "Na ile?"

"Kesho, Mama."

"Leo, Mama Neema."

Kwa hiyo naandika mbio. Ametoka na kitabu, na akirudi atachukua na wewe, daftari langu, na sijui utalala wapi wala na nani. Hatukuwa tumefika mwisho wa hadithi. Bamama hawajui kama Wilondja aliwahi kufika mlimani kabla dada yake hajaishiwa mchanga. Mimi najua, nimesoma, na leo sitaki kukumbuka.

Nimeshapanga nitakachomwambia askari. Kitabu kimeliwa na mchwa, na huo ni ukweli nusu, kila aliyekiona anajua. Majina siyajui, watu wanakuja kuanika samaki, mimi siwaulizi vitabu vyao vya utambulisho. Nimejaribu kuyasema kwa sauti jikoni na sauti imetoka nyembamba kama ya Neema. Anaweza kunipiga. Anaweza kusema basi twende wewe mwenyewe. Nimemwekea Neema nguo zake kwa bibi yake, na nimemwambia ni kwa sababu nyumba inavuja. Ametazama juu, kwenye paa ambalo halijavuja hata siku moja.

Wafungwa wanaruhusiwa kupelekewa chakula na ndugu zao, hilo askari mwenyewe amelisema. Kwa hiyo nimechukua ndakala za kumpelekea Baba Neema kwa mkono wa askari. Nilikaa kwenye kigoda na ungo, na mikono ikaanza kazi yake yenyewe, kupepeta, kuchambua, kupuliza, kama kila siku. Nikaikamata. Nikaacha ungo. Nikaenda mpaka ufukweni, mawingu yakiwa juu yangu na radi ikianza kuguna kule ng'ambo, nikachota mchanga kwa kiganja, nikarudi, nikaunyunyizia juu ya samaki wote na kuufikicha mpaka ndani ya matumbo yao. Nimefunga kwa jani la mgomba na kamba. Askari akifungua ataona ndakala za Baraka zilizooshwa na mke mvivu.

Baba Neema atauma. Ataacha kutafuna. Atatoa punje kwa ulimi, nyingi kuliko siku zote, hazitoshi pembeni ya sahani, na atajua kwamba nimeisoma barua yake.

Mvua imeanza. Nasikia miguu ya mama mkwe uani, anakuja kulichukua daftari. Asubuhi mlango utagongwa na nitakuwa naogopa, sioni namna ya kutoogopa.

Ogopa basi, lakini fungua.